Kabla Hujakubali Kufomatiwa, Nisikize

Wasee, kuna neno moja nataka tulitoe kwa midomo ya watu wa Nairobi. Si tusi. Ni neno "imekufa."

Simu ikikataa kuwaka, imekufa. Redio ya shosho ikianza kukwaruza, imekufa. Na ukichomeka MP3 ya zamani kwa kompyuta, kompyuta ikanyamaza kama mtu anadaiwa, basi hiyo nayo imekufa kabisa, tafuta tenti na viti vya matanga. Mimi nimeambiwa hivyo wiki tatu zilizopita, nikiwa mbele ya kabati ya kioo imejaa simu zimepasuliwa tumbo, na karibu niamini. Karibu nitoe shilingi 500 nimlipe mtu anifutie kitu ambacho hakiko mahali pengine popote duniani.

Wacha nianze na hiyo MP3 ni ya nani.

Brathe yangu mkubwa alikuwa na kundi. Wanne, Kayole, kati ya 2010 na 2012. Studio ilikuwa chumba cha kulala cha mmoja wao, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za matatu, maiki imefunikwa na soksi. Walirekodi ngoma nyingi na hawakutoa hata moja. Si ati walikuwa wabaya, ni vile tu walikuwa wanangoja "ziive." Kompyuta iliyokuwa na hizo kazi zote ikachomeka diski siku stima ilipopotea na kurudi mara tatu kwa saa moja. Halafu 2013 mmoja wao akaaga kwa ajali ya bodaboda, akaacha mtoto ambaye alikuwa hajafikisha mwaka. Kundi likaisha hapo. Hakuna mtu aliongea tena mambo ya muziki.

Mwaka huu huyo mtoto, ambaye sasa ni msichana wa Gredi ya 8, alimuuliza brathe swali moja: "Anko, sauti ya baba ilikuwa aje?" Brathe alikuja nyumbani akapekua droo mpaka akaipata ile ka-MP3 yake, ndogo kama kidole gumba, ile yenye klipu ya kushika kwa shati. Ilikuwa na nakala. Ndiyo nakala ya mwisho. Akanipa mimi kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwetu, maana yake tu ni kwamba natengeneza video kwa simu.

Nikachomeka, na kompyuta haikusema kitu. Nikaenda tao.

Fundi alichomeka na waya yake, akaangalia skrini sekunde kumi hivi. "Bosi, hii imekufa." Nikamwambia lakini inawaka, hata betri inaonyesha. "Inawaka tu, lakini kompyuta haiitambui. Naweza kukufomatia, mia tano, pengine ishike." Nikamuuliza, na nyimbo zitabaki? Akaniangalia kama mimi ndiye nimeharibika. "Nyimbo gani na imekufa?"

Hapo ndipo nataka tusimame. Kitu inawaka, ukiweka earphone inacheza, lakini imekufa kwa sababu mashine nyingine imesema haiijui. Hebu fikiria umeenda kumtembelea rafiki kwa zile fleti za geti, halafu askari anapiga simu juu anaambiwa "hatumjui huyo." Je, wewe umekufa? Hapana, hujatambulika. Pengine jina limeandikwa vibaya, pengine simu ya askari haina salio, pengine umekuja na mlango usio wako. Ujumbe wa kompyuta unaosema kifaa hakitambuliki unaongelea kompyuta. Ni kompyuta inakiri kwamba imeshindwa. Na sisi tunachukua hiyo aibu ya kompyuta tunaibandika kwa kile kitu kidogo, kisha tunakubali kifutwe.

Sijamaliza na huyo fundi lakini wacha kwanza nikuonyeshe vile alikosea, ndio usidhani ni hasira tu.

Kosa la kwanza lilikuwa waya, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelifanya nyumbani. Ndani ya waya ya kawaida ya USB ya hizi vifaa vya zamani kuna nyaya nne. Mbili zinapeleka moto, mbili zinapeleka data. Sasa hizi waya zinazouzwa kwa mikono pale steji, na zile zinakuja bure na spika na tochi, nyingi zimetengenezwa za kuchaji tu. Zile mbili za data hazimo. Ukichomeka, MP3 inaonyesha inachaji, unafurahi, lakini kompyuta haina habari kwamba kuna kitu kimefika, kwa sababu hakuna njia ya kuongea. Ni kama kumpigia mtu simu na waya wa pasi. Na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zinafanana kabisa.

MP3 ya brathe inatumia ile shimo ya mini-USB, iliyo kubwa kidogo kuliko ya simu za juzi, ambayo siku hizi huipati kirahisi. Unajua niliipata wapi? Kwa kijana wa gemu hapo kwetu mtaani, yule wa shilingi 10 mechi moja. Padi za PlayStation 3 zinatumia waya hiyo hiyo, na ile waya lazima iwe na data kwa sababu padi huunganishwa na mashine kwa hiyo waya. Nikamwachia kitambulisho kama rehani, nikakimbia nyumbani, nikachomeka. *Ting.* Ile sauti. Wasee, niliruka.

Hiyo sauti ni muhimu kuliko vile unafikiri, na ndiyo maana nasema fundi wangu hakuchunguza, alihukumu. Kama ukichomeka hakuna sauti kabisa, hakuna kitu kimebadilika popote, shuku waya, shuku shimo la USB, shuku betri iliyokauka. Vifaa vya zamani vikikaa droo miaka, betri inashuka mpaka havina nguvu hata ya kujitambulisha. Viache kwa chaja nusu saa kabla hujajaribu tena. Kama ni kompyuta ya mezani, chomeka nyuma, si mbele, na usipitishie kwa ile kigawanyaji cha USB cha mashimo manne. Lakini kama sauti inalia na bado huoni kitu, basi hiyo ni habari njema. Umeme umefika, data imefika, wamesalimiana. Kilichobaki ni lugha.

Na kwa lugha ndipo uchokozi ulipo.

MP3 nyingi za enzi hizo zinaweza kuongea na kompyuta kwa njia mbili. Moja inaitwa MSC, ambapo kifaa kinajifanya flashi tu, unafungua, unaona folda, unakopi, basi. Nyingine ni MTP, ambayo ilitengenezwa na Microsoft, na hapo kompyuta haipewi diski yenyewe. Inaomba faili moja moja, na kifaa ndicho kinaamua kitoe nini. Kwa nini mtu aunde njia ndefu hivyo wakati flashi inafanya kazi? Sababu moja kubwa ilikuwa nyimbo zilizofungwa kwa kufuli, zile ulizokuwa unanunua mtandaoni na hazichezi mpaka leseni ithibitishwe. Wauza nyimbo walitaka hivyo. 2004 Microsoft ikaleta hata alama ya kubandika kwa vifaa, PlaysForSure, yaani bila shaka itacheza. 2006 Microsoft hiyo hiyo ikatoa MP3 yake, Zune, na Zune haikucheza nyimbo za PlaysForSure. Sitanii. Mtu alinunua muziki wenye alama ya "bila shaka," akanunua kifaa cha mwenye alama, na shaka ikamngojea hapo hapo.

Kwa hivyo ukiona ka-MP3 kako kanakataa kuongea na kompyuta, usijilaumu kwamba wewe si mtu wa teknolojia. Unarithi ugomvi wa watu wazima waliokuwa wanalinda biashara yao ukiwa darasa la pili.

Dawa ni ndogo mpaka inakera. Ndani ya MP3 yenyewe, kwa mipangilio, kuna mahali pameandikwa USB, na hapo unachagua MSC au MTP. Ya brathe ilikuwa imeachwa "ijichagulie." Nikaiweka MSC, nikachomeka tena, ikafunguka kama flashi. Folda ya muziki, nyimbo tisa.

Tisa? Brathe alisema zilikuwa zaidi ya ishirini. Nikahisi tumbo limeshuka. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa, na hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu aliniambia: kwa baadhi ya hizi MP3, faili ulizoweka ukiwa kwa MTP hazionekani kwa kompyuta ukiwa kwa MSC, na kinyume chake. Kifaa kinazicheza zote, lakini kompyuta inaonyeshwa nusu. Nikarudisha MTP, nikachomeka. Nyimbo kumi na nne nyingine. Jumla 23. Zote zilikuwa hapo tangu 2012, zimenyamaza tu, zinangoja mtu aulize kwa lugha sahihi.

Na mtu alitaka kuzifuta kwa mia tano.

Wacha niongeze moja kwa wenye laptopu za ex-UK, maana najua ni wengi wenu, zile tunanunua tao kwa elfu kumi na kitu tukiambiwa "iko klini." 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru iuze pia Windows isiyo na programu yake ya kucheza muziki. Ndipo zikazaliwa Windows zenye herufi N mwishoni mwa jina. Vita yenyewe ilikuwa ya haki, sina shida nayo. Lakini hizo Windows N hazina sehemu za midia, na MTP inaenda nazo. Unaweza kuwa na waya safi, MP3 safi, simu safi, na laptopu isione hata moja. Fungua sehemu ya mipangilio inayoeleza kuhusu kompyuta yako, uangalie jina la Windows. Ukiona N, kuna nyongeza ya bure kutoka kwa Microsoft wenyewe, Media Feature Pack, unaipata kwa sehemu ya vipengele vya hiari. Uamuzi ulifanywa Brussels, na shida ikashuka na kontena mpaka Luthuli.

Sasa twende kwa wenye iPod, kwa sababu najua kuna mtu hapa ana iPod ya anti yake aliyekuwa majuu. Na nyinyi ndio mko kwa hatari kubwa zaidi.

iPod ilizinduliwa Oktoba 2001 na Apple ikaacha kuiuza Mei 2022, zaidi ya miaka ishirini, kwa hivyo ziko mingi kwa droo. Sikiza vizuri. iPod iliyoandaliwa na kompyuta ya Mac ina mpangilio wa diski ambao Windows haiujui. Ukiichomeka kwa Windows, Windows haisemi "samahani, hii ni lugha ya kina Mac." Inakuambia lazima diski ifomatiwe kabla uitumie, na inakupa kitufe cha kukubali, kikubwa, kizuri. Iko na nyimbo, iko na picha, iko sawa kabisa, na kompyuta inakuomba ruhusa ya kuiua kwa sababu haikusoma shule moja nayo. Ukibonyeza, ni wewe umebonyeza.

Ukiponea hapo, iTunes inakungoja kwa kona inayofuata. Inaona iPod imezoea maktaba ya kompyuta nyingine, inakuuliza kama ungependa kufuta vilivyomo ili ilingane na hii yako. Maktaba yako iko na nini? Kitu hakuna, umeinstoli iTunes dakika tano zilizopita. Yaani inakuuliza kama unataka kubadilisha maisha ya anti yako na hewa. Na lugha ni ya upole sana, kama ya benki.

Jibu ni hapana. Mara zote mbili, hapana. Tafuta mtu ana Mac. Kwa Mac za sasa, tangu 2019 iTunes haipo tena, iPod inatokea ndani ya Finder, usihangaike kuitafuta kwingine. Ama weka Linux kwa flashi, Ubuntu ni ya bure, uwashe kompyuta kutoka hapo bila kugusa Windows yako. Linux inaweza kusoma hizo diski za Mac. Na ukishaifungua uone ni kama haina kitu, tulia. Washa kuona faili zilizofichwa. Kuna folda inaitwa iPod_Control, ndani yake Music, ndani yake F00, F01 na kuendelea, na nyimbo ziko humo zimepewa majina ya herufi nne nne yasiyo na maana. Zikopi hivyo hivyo. Jina la msanii na la wimbo kwa kawaida liko ndani ya faili lenyewe, programu ya muziki italisoma.

Kama ni iPod ya gurudumu na imeganda, sogeza kitufe cha Hold kiwe juu halafu ukirudishe, kisha shika Menu pamoja na kitufe cha katikati mpaka utaona nembo ya Apple. Hapo hapo hamia kwa cha katikati na cha kucheza, ushike. Itaingia hali ya diski, na mara nyingi kompyuta inaiona ikiwa hapo hata kama iliikataa mwanzo. Haifuti kitu. Ndani ya hizo kubwa kuna diski inayozunguka ya inchi 1.8, kwa hivyo ukiskia inagonga tik-tik-tik kama saa mbovu, hapo ndio kuna mgonjwa wa kweli. Kopi unachoweza haraka na usiiwashe ovyo.

Jambo lingine lilinisumbua hata mimi baada ya kufaulu na waya: kuna wakati sauti inalia, kifaa kiko, lakini hakina herufi. Windows huzipa diski herufi, D, E, F. Zikigongana na nyingine, kifaa kinabaki ndani bila mlango. Andika diskmgmt.msc kwa pale pa kutafutia, utaiona imekaa hapo, uipe herufi nyingine. Lakini ukiwa humo ndani usiguse kitu kingine, tafadhali, hiyo sehemu ina vitufe vya kuangamiza.

Umeona vile kila njia ya kawaida inaelekea mahali pamoja? Windows inasema fomati. iTunes inasema futa. Fundi anasema fomati. Kila mtu mwenye mamlaka juu ya hicho kitu anapendekeza kukisafisha, na hakuna anayeuliza kwanza kuna nini ndani. Kufomati kunatatua shida ya kompyuta. Shida yako wewe ilikuwa nyimbo.

Kuna mmoja ataandika hapo chini, "Buda, si utumie Spotify tu kama watu wengine?" Nakujua. Spotify iliingia Kenya 2021 na mimi mwenyewe niko nayo, nikiwa na bando. Nitafutie hapo kundi la brathe. Nitafutie mixi ya dijei wa mathree ya 2011 uliyokopiwa kwa duka la muvi. Nitafutie kwaya ya kanisa lenu siku ile mama yako aliimba peke yake. Vitu vingi vya maana vya mtaa havijawahi kupanda kwa jukwaa lolote na havitapanda. Viko kwa MP3 za klipu, kwa memori kadi, kwa simu za mulika mwizi. Kizazi kilichotutangulia kilirekodi sana na hakikuwa na wingu la kuhifadhia. Hiyo droo ndiyo wingu lao.

Sasa turudi kwa fundi. Nilisema sijamaliza naye, na nitakuwa muungwana. Analipa kodi ya kibanda, ana foleni, simu moja ya kubadilisha kioo inamlipa kuliko MP3 yangu mara tano. Dakika ishirini za kutafuta waya sahihi ni pesa anapoteza. Naelewa kabisa. Na kuna siku kitu kimekufa kweli: maji yameingia, chipu imeungua, hakuna maombi yatasaidia. Kama betri imevimba mpaka kifuniko kimeinuka, usichaji, usidunge, mpelekee yeye, hiyo ni kazi yake na wewe huiwezi.

Lakini kutojua si dhambi, dhambi ni kutangaza kifo bila kushika mshipa. Angesema tu "sina waya ya hii, rudi na yako," ningemheshimu mpaka leo. Badala yake alichukua ujinga wa kompyuta yake, akaongeza haraka yake, akaniuzia kama utaalamu. Na akaweka bei. Ukienda kwa fundi yeyote, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nataka vilivyo ndani kwanza, kifaa baadaye." Akicheka, beba kitu chako uondoke.

Na sisi watengeneza video tusijifiche. Nimefanya video za kufungua maboksi ya earphone nne mwaka huu. Nne! Earphone zinazofanana. Sijawahi kufanya hata moja ya kusaidia mtu afungue kitu alicho nacho tayari, kwa sababu hakuna kampuni inanilipa utumie droo yako. Tumewafundisha kwamba kitu cha zamani ni cha kuchekwa, halafu tunashangaa mtoto wa Gredi ya 8 hajui sauti ya babake.

Kitu kimoja nilikisoma nikiwa kwa hii safari kinanifurahisha mpaka leo. Tarehe 31 Desemba 2008, Zune za GB 30 ziliganda zote siku moja, dunia nzima. Watu waliamka wakakuta kifaa kimekwama kwa nembo. Imekufa, si ndiyo? Kumbe mwaka ulikuwa mrefu, siku 366, na saa iliyo ndani haikujua kuhesabu ile ya mwisho. Dawa iliyotolewa na Microsoft ilikuwa uache betri iishe, ungoje mwaka mpya uingie, kisha uchaji na uwashe. Zikaamka. Sasa fikiria aliyetupa yake kwa pipa saa nne asubuhi.

Kwa hivyo hivi ndivyo mambo yako hapa kwetu. Nyimbo 23 nimezikopi mara mbili, kwa laptopu na kwa flashi ambayo brathe ameificha mahali hata mimi sijui. MP3 yenyewe sijaifomati na sitaifomati. Kitambulisho nimerudishiwa na kijana wa gemu, na waya nimemnunulia soda juu yake.

Jumamosi tulienda kwao na spika. Msichana alisikiza ya kwanza, hakusema kitu. Ya pili, hakusema kitu. Kwa ya tatu babake anaanza kwa kucheka, anakosea mstari, mtu anamwambia "anza tena," na anaanza tena. Akasema turudishe hapo kwa kicheko. Tulirudisha mara nyingi, sikuhesabu.

Wimbo wa 14 haujafunguka mpaka sasa. Unaonekana, una ukubwa wa MB 4 na kitu, lakini kila programu inaukataa. Nimeshajaribu PhotoRec, ambayo ni ya bure na inafukua faili zilizopotea, ikanipa vipande vya sekunde chache tu. Brathe anasema ndio ule walirekodi wa mwisho wote wanne. Kama kuna mtu hapa anajua kushona faili la MP3 lililopasuka kichwa, niandikie. Usiniambie limekufa.